"Mwalimu, mimi nataka ile nusu kubwa": tunakwama wapi kuwafundisha wadogo sehemu?

MwalimuWaVidole (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kimya kimya.

Nafundisha hesabu madarasa ya chini, huu ni mwaka wa 11. Juzi niligawa karatasi za manila, moja kwa watoto wawili, nikawaambia wagawane nusu kwa nusu. Pale dawati la mbele mmoja akakunja upesi upesi, akachana, vikatoka vipande viwili ambavyo hata ukisimama mlangoni unaona kimoja kimemzidi mwenzake. Yule wa pili akanyoosha kidole: "Mwalimu, mimi nataka ile nusu kubwa."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mtoto hakukosea Kiswahili, alisema tu kama sisi tunavyosema. Mtu akiacha kazi njiani, kaifanya nusu. Chupa ikipungua kidogo, imebaki nusu. Kwetu wakubwa nusu ni chochote kisicho kizima, na mtoto kaja darasani na nusu hiyo hiyo. Halafu mimi naingia na chaki, naandika 1 juu, mstari, 2 chini, najiona nimefundisha.

Lugha nayo inatutega. Chukua neno "sawa". Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimama mbele ya darasa nimeshika vipande viwili, kimoja kama kiganja, kingine kama dawati, nikauliza: "Haya, viko sawa?" Darasa zima likaitika kwa sauti moja: "Sawaaa!" Wamezoea kwamba mwalimu akisema sawa, jibu ni sawa. Tangu siku hiyo neno hilo nimelifungia kabatini mpaka mwezi wa pili. Nauliza: vinatoshana? Kipi kimezidi? Ukikilaza hiki juu ya kile, kuna kinachochungulia?

"Sehemu" ndiyo kabisa. Niliwahi kusema "gawanya mstatili huu kwenye sehemu mbili", mtoto akachora mstatili mmoja juu ya ukurasa na mwingine chini. Nikamuuliza mbona hivi? "Umesema sehemu mbili, mwalimu. Huku na huku." Alinielewa vizuri kuliko nilivyojielewa.

Kwa hiyo siku hizi nakaa wiki mbili nzima bila kuandika 1/2 popote. Tunakunja, tunakata, tunalaza kipande juu ya kipande, tunakipeleka dirishani kwenye mwanga tuone kama kuna kinachochungulia. Wanaupenda huo mchezo kuliko nilivyotegemea. Mtoto anabana macho kama fundi saa, halafu anatangaza: "Kinachungulia hapa!" Na anayetangaza hivyo, hata kama hajawahi kuona 1/2 maishani mwake, ameshashika nusu ya kweli.

Nusu wanaishika haraka maana karatasi ikikunjwa ncha kwa ncha inakusaidia yenyewe. Robo pia, unakunja tena. Balaa liko kwenye tatu. Mpe mtoto wa miaka sita utepe wa karatasi mwambie atoe vipande vitatu vinavyotoshana. Wengi wanafanya hivi: anakata katikati, anaangalia, anahesabu viwili, bado kimoja, basi anachukua kimoja cha hivyo anakikata tena. "Vitatu, mwalimu!" Ni kweli viko vitatu. Ila kimoja ni nusu na viwili ni robo robo. Wengine wanasikia tatu, wanakata mara tatu, wanapata vinne, wanabaki wanakitazama kile cha ziada kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Mwanasaikolojia Piaget na wenzake Inhelder na Szeminska waliyaandika haya haya kwenye kitabu chao cha 1948 kuhusu watoto na jiometri: mtoto anachanganya idadi ya mikato na idadi ya vipande, na tatu inachelewa kuliko mbili na nne.

Naomba tujadili. Ninyi mnaanzia wapi? Wazazi pia karibuni, maana nusu kubwa inatoka nyumbani.

BabaPacha

Nipo siti ya mbele, mwalimu. Nina pacha wa miaka sita, na kila kitu ndani ya nyumba kinagawanywa kwa kesi. Nikikata mimi, napendelea. Akikata mmoja wao, ameiba. Jana ugomvi ulikuwa wa karatasi ya kuchorea. Natamani kujua nifanye nini kabla sijawa hakimu wa kudumu.

KichwaNgumu

Mleta uzi unazunguka sana. Sisi tulikariri: kiasi juu, asili chini, zidisha kwa kukingamisha, basi. Tukafaulu. Leo wiki mbili za kukunja karatasi! Hao watoto mtihani wataufanya kwa mkasi?

MwalimuWaVidole

@KichwaNgumu hoja yako naiheshimu, maana hata mimi nilikariri. Ila hebu fanya hili kichwani, bila kalamu: 12/13 + 7/8 ni karibu na ngapi? Uchague kati ya 1, 2, 19 na 21.

Swali hilo waliulizwa watoto wa miaka 13 Marekani, kwenye upimaji wao wa kitaifa wa 1978. Ukiziona hizo sehemu kwa jicho, 12/13 inakaribia kuwa moja nzima na 7/8 hivyo hivyo, jibu ni 2. Waliolipata ni asilimia 24. Zaidi ya nusu yao (ndiyo, nusu kubwa) walichagua 19 au 21. Tazama zilikotoka: 12 + 7 ni 19, 13 + 8 ni 21. Hao walikuwa wameshapitia kiasi na asili miaka kadhaa. Walichokosa ni picha kwamba kila sehemu hapo haifiki hata moja.

Na hili lina mkia mrefu. Mwaka 2012 Siegler na wenzake walitoa matokeo ya kufuatilia watoto wa Marekani na Uingereza: alichokijua mtoto kuhusu sehemu na kugawanya akiwa na miaka 10 kiliashiria atakavyokuwa kwenye hesabu na aljebra akifika sekondari, hata baada ya kuondoa tofauti za akili, kipato na elimu ya wazazi. Kwa hiyo wiki zangu mbili naziona ndogo.

@BabaPacha, dawa yako ni ya kale: mmoja akate, mwingine awe wa kwanza kuchagua. Wewe kaa pembeni usiseme neno.

MamaRula

Mwalimu umenikumbusha darasa langu la chekechea. Naongeza la kivitendo, labda litamfaa mtu.

Tengeneza tepe za karatasi zenye urefu wa sentimita 24. Nasisitiza 24, karatasi ya A4 inatosha. Nusu ni sentimita 12, theluthi ni 8, robo 6, moja ya sita ni 4, moja ya nane ni 3. Hakuna nukta hata moja, kila kitu kinaangukia kwenye mstari wa rula. Mwanzoni nilikuwa natumia 20, nikifika kwenye theluthi nahangaika na 6.67 huku watoto wananitolea macho.

Kila tepe rangi yake. Ile nzima usiikate kamwe, ikae juu yao kama mama mwenye nyumba. Halafu zipange chini kwa chini. Hapo ndipo mtoto anapoona kwa macho yake lile linalowashinda hata wakubwa: vipande vikiwa vingi, kila kimoja kinapungua. Mtoto amezoea 8 ni kubwa kuliko 4, utamweleza mpaka ukauke koo kwamba 1/8 ni ndogo kuliko 1/4. Mpe tepe mbili mkononi. Msichana mmoja alizitazama kitambo, akaniambia, "Kumbe wale nane wanabanana."

Sikuongeza neno. Mpaka leo darasani kwangu tunauliza: wangapi wanabanana humu?

MzeeWaKamusi

Wajukuu zangu, mmeigusa lugha nami siwezi kunyamaza.

Jiulizeni "robo" inamwambia nini mtoto. Haimwambii chochote! Ndani ya robo hakuna nne. Ndani ya theluthi hakuna tatu. Ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na huko kwao yanabeba namba yake wazi, ila sisi namba ndogo tunahesabu kibantu: tatu, nne, tano, nane. Uzi umekatika.

Wakorea wao 1/3 wanaisema kwa maneno yaliyo karibu na "katika vipande vitatu, kimoja". Jina lenyewe limeshakata. Miura na wenzake walichapisha mwaka 1999 ulinganisho wa watoto wa miaka sita hadi saba wa Korea, Kroatia na Marekani, na wale wa Korea ndio waliooanisha vizuri zaidi sehemu na picha yake kabla hawajafundishwa darasani. Miaka minne baadaye wengine, Paik na Mix, wakawapa watoto wa Marekani majina ya mtindo huo huo kwa Kiingereza, nao wakafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo siyo damu, ni jina.

Lakini msikimbilie kuyatupa maneno yetu, maana uzi umekatika kwenye tatu, nne, tano na nane tu, kwenye makumi upo. Sikilizeni kwa sikio: theluthi na thelathini. Robo na arobaini. Humusi (1/5) na hamsini. Thumuni (1/8) na thamanini. Na sudusi (1/6) ina ndugu yake sita, subui (1/7) ana saba, tusui (1/9) ana tisa. Mtoto aliyefika kuhesabu mpaka mia tayari anazo funguo mfukoni, hakuna aliyemwambia zinafungua mlango gani. Mimi nilimwonyesha mjukuu thumuni na thamanini, akakaa kimya, halafu akaanza kuyatafuta mengine mwenyewe.

MwalimuWaVidole

Mzee shikamoo. Miaka 11 nafundisha theluthi, sikuwahi kuisikia ile thelathini ndani yake. Kesho naipeleka darasani.

Ila nitabishana nawe kidogo kwa heshima. Kwa hawa wa miaka sita nadhani jina la kukata litangulie: "vipande vinne vinavyotoshana, nachukua kimoja". Refu, ndiyo, ulimi unachoka. Wakishachoka wenyewe ndipo nawapa "robo" kama njia ya mkato, na wanaipokea kwa furaha. Nikianza na robo, wanaikariri kama jina la mtu.

Mfano ni saa ya ukutani. Mtoto ananiuliza: "Mshale mrefu uko kwenye tatu, mbona unasema na robo? Robo si nne?" Swali zuri mno! Ameshajua robo inahusu nne, anaona tatu. Nikachukua duara la karatasi, tukalikunja mara mbili, tukaliweka juu ya uso wa saa. Mikunjo ikaangukia 12, 3, 6 na 9. Akahesabu pande: moja, mbili, tatu, nne. Mshale umemaliza upande mmoja. Baada ya hapo "kasorobo" haikuhitaji maelezo, aliona pengo lilipo.

DadaWaVizibo

Mimi nauliza kuhusu vitu vingi vingi, siyo karatasi. Nikimpa mwanangu vizibo 12 nikasema nipe robo, ananipa vinne. Kila mara!

MwalimuWaVidole

@DadaWaVizibo huyo anasikia "nne" akakupa vinne. Hajakosea kusikia, amekosea kitu kizima ni kipi. Kwenye karatasi kizima anakiona, kwenye vizibo kizima ni lile rundo, na rundo halina ukingo. Liwekee ukingo: zungushia kamba, au weka sahani nne. Agawe kimoja kimoja, sahani hadi sahani, mpaka viishe. Halafu inua sahani moja: hii ndiyo robo, ina vingapi? Vitatu. Badilisha, mpe vizibo 8, sahani nne zile zile. Robo sasa ni viwili. Kaa kimya umwone uso. Robo imebaki robo na idadi imebadilika, hilo linamsumbua mtoto kwa namna nzuri.

Ila kugawa kimoja kimoja nako kuna mtego. Frydman na Bryant mwaka 1988 waliwapa watoto vijenzi (vitofali vya kuchezea), vingine kimoja kimoja na vingine vimeunganishwa viwili viwili. Mdoli mmoja apokee vya kuunganishwa, mwingine vya kimoja kimoja, wote wapate sawa. Wengi wa miaka minne waligawa zamu kwa zamu, huyu mara moja, huyu mara moja, wakaridhika kabisa, huku mmoja amepata maradufu. Wa miaka mitano wengi walirekebisha. Nimelijaribu na wadogo wa chekechea, ni vilevile. Kwao haki ni zamu. Idadi haijaingia bado.

Kuna na kinyume chake, kinachonifurahisha. Wape watoto wanne karatasi tatu wagawane. Hutaona anayekata kila karatasi vipande vinne. Wanakata mbili katikati, kila mmoja nusu yake, halafu ile ya tatu wanaitoa robo robo. Nusu na robo. Hivyo ndivyo Wamisri wa kale wangeiandika robo tatu: sehemu zao karibu zote zilikuwa na moja juu, ila 2/3 ilikuwa na alama yake maalumu. Yapo kwenye mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmose takriban 1550 K.K., na ndani yake kuna maswali ya kugawia watu kumi.

KichwaNgumu

Haya nimerudi, na nimepunguza ubishi. Kijana wangu alipewa mstatili (mstatili, siyo mraba) augawe kwenye robo nne. Akachora mistari miwili, kutoka kona hadi kona, kama herufi X. Akakosolewa: alama ya X nyekundu juu ya X yake! Aliambiwa pembetatu za pembeni hazifanani na za juu na chini. Nikaona ni kweli hazifanani, nikamwambia kubali yaishe. Lakini huu uzi umenitia wasiwasi.

MwalimuWaVidole

Mwombe radhi kijana. Yuko sahihi.

Chukua mkasi. Zikate pembetatu zake nne. Mbili ni fupi pana, mbili ni refu nyembamba, ukizilaliza zinachungulia kila upande, ndiyo maana mwenzangu alidanganyika. Sasa kila moja ikate tena, kutoka ncha iliyokuwa katikati ya mstatili mpaka katikati ya upande ulio mkabala nayo. Unapata pembetatu ndogo nane. Zipange moja juu ya nyingine (nyingine utazigeuza upande wa nyuma). Zote nane zinalaliana, hakuna inayochungulia. Kila robo yake ina mbili. Zinatoshana bila kufanana.

Hapa nakiri kosa langu mwenyewe: mchezo wangu wa kuchungulia unawafundisha kwamba kutoshana ni kufanana umbo. Ni hatua ya kwanza nzuri, ukiishia hapo unamharibu mtoto. Ndiyo maana baadaye nakata mraba mmoja kona kwa kona na mwingine mfano wake katikati, nawauliza pembetatu na mstatili, nani kapata zaidi? Wanagombana dakika kumi. Pembetatu inashinda kwa kura, siku zote, kwa sababu ina ncha ndefu. Halafu mmoja anashika mkasi.

KichwaNgumu

Nimekata. Nane zimelaliana. Kijana ananiangalia tu haongei. Nimeomba radhi.

MamaRula

@KichwaNgumu 😂😂 Naongeza dogo: msiishie kwenye tepe moja. Wakishazoea, ziunganisheni mbili, tatu, zilale sakafuni kama barabara, mhesabu robo mkitembea: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, robo tano... Kwenye tano wanasimama. "Tumepita!" Mtoto aliyelishwa maduara tu anaamini sehemu haiwezi kuzidi moja, ndiyo maana 5/4 inamtisha baadaye. Na muwe macho, wengi wanahesabu vile vistari badala ya nafasi zilizo kati yake. Mwambie aruke, miguu haidanganyi.

BabaPacha

Mrejesho, wakuu. Jana jioni karatasi moja ya kuchorea, pacha wawili. Nikatangaza sheria: Kulwa anakata, Doto anachagua. Kulwa aliposikia mwenzake ndiye wa kwanza kuchagua, akaweka mkasi chini. Akaenda kuleta rula. Akakunja, akakunjua, akapima, akafuta, akaja kuniuliza kama rula inaanzia kwenye ncha au kwenye sifuri. Dakika ishirini. Nyumba kimya, sijawahi kuona.

Akakata. Doto akavichukua vipande vyote viwili, akavilaza, akavipeleka kwenye taa (sikumfundisha, wallahi), akavizungusha, akakuta kimoja kinachungulia unene wa ukucha. Akachukua hicho.

Kulwa hakulia. Alisema kesho atatumia kalamu iliyochongwa.

Shida ni mdogo wao, ana miaka minne, alikuwa anatazama. Naye anataka agawiwe. Mwalimu, mkiwa watatu nani anakata, nani anachagua?

MwalimuWaVidole

Hapo ndipo theluthi inapoanzia. Kata utepe wa 24, mpe Kulwa, halafu uje utuambie alikata mara ngapi.

MzeeWaKamusi

Na umwulize thelathini.